Kiti Kimoja cha Saa Tisa

"Viatu hivyo hapana," mume alisema. "Vua."

Mkewe alikwisha kushika kitasa cha mlango, begi begani. Akaitazama miguu yake.

"Hivi navyo vina kasoro gani? Si vina soli? Si vina kamba?"

"Vidole vinaonekana. Mfanyakazi wa shirika na mtu wake hawapandi ndege vidole nje. Ni sheria, mama watoto, sikuitunga mimi. Hata mimi lazima nivae koti."

Koti lenyewe lilikuwa lile la harusi, na kwa mbele lilikuwa limekataa katakata kukutana. Mke angeweza kulitanua, maana kushona ndiyo kazi yake. Alishona sare za shule katika kibanda cha karibu na stendi, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Lakini kulitanua koti kungechukua nusu saa, na nusu saa hiyo hakuwa nayo.

Alfajiri ile dada yake alikuwa amempigia simu kutoka mji wa kwao, saa kumi na nne kwa basi, saa moja na kidogo kwa ndege. Kidonda cha mguuni cha mama yao, alichokipata kwa ugonjwa wa sukari, kilikuwa kimeoza. Daktari alisema mguu ukatwe chini ya goti, na sahihi ipatikane leo, kabla sumu haijapanda. Na mama alikuwa amekataa kuweka sahihi.

"Anasema haukatwi mguu wake mpaka akuone wewe," dada mtu alisema, sauti imemkauka kwa kukesha. "Mimi niliyemwosha kidonda miezi minne sionekani. Ni wewe, wewe, wewe. Njoo mdogo wangu, hata kwa kutambaa."

Fundi alikuwa na pesa. Alikuwa akiziweka kidogo kidogo apate cherehani ya pili, ile ya kumalizia pindo. Alizitoa chini ya vitambaa akaziweka mezani, akasema anakwenda kukata tiketi. Hapo mumewe akacheka, kicheko cha mtu aliyesubiri siku yake.

"Pesa ya mashine uitupe hewani, na mimi nina haki yangu? Miaka kumi na saba nabebea watu masanduku. Mfanyakazi na mkewe wanaruka bure, kodi kidogo tu. Kikibaki kiti, tunakaa."

"Na kisipobaki?"

"Ndege ya saa mbili ina viti kumi na kimoja vitupu. Nimepiga simu kazini, wameniangalizia. Kumi na kimoja! Sisi ni wawili. Hesabu hiyo inahitaji mwalimu?"

Mtaani walimwita Rubani. Lilianza kama utani, kwa kuwa alipakia mizigo kwenye ndege na kurudi nyumbani amevaa fulana ya kung'aa usiku. Lakini kadiri miaka ilivyopita ndivyo alivyozidi kuliitikia jina hilo bila kucheka. Aliwaambia majirani kwamba yeye akitaka, kesho yuko upande wa pili wa nchi. Tangu azaliwe hakuwahi kupanda ndege hata siku moja.

Fundi akavua viatu vyake. Vilivyofunika vidole vilikuwa viatu vyeusi vya shule vya binti yao, na vilimbana kana kwamba vilikuwa na kisasi naye.

*

Dada wa kaunta alikuwa kijana, kucha zake ndefu zikigonga kompyuta. Alikichukua kitambulisho cha Rubani, akamtazama usoni, akalitazama koti, akarudi kwenye kompyuta.

"Mzee, mko namba tatu na nne kwenye orodha ya kusubiri. Kaeni pale. Tutawaita."

"Viti si vipo, binti yangu?"

"Tutawaita, mzee."

Wakakaa kwenye viti vya chuma mbele ya kioo kikubwa. Nje, ndege ilikuwa imefungua tumbo, na wenzake Rubani walikuwa wakipandisha masanduku. Mmoja akamwona, akawagusa wengine. Wakaacha kazi wakampigia saluti, mikono kwenye kofia, huku wakicheka na kushika vifua vyao kuonyesha lile koti. Rubani akawapungia kama mtu mkubwa.

"Yule mrefu ndiye namfundisha kazi," alimwambia mkewe. "Leo atapakia, mimi nitakuwa juu yake."

Fundi alikuwa akiitazama saa ya ukutani.

Saa mbili kasorobo mlango wa pembeni ukafunguka wakaingia watu kumi na mmoja, mabegi mgongoni, macho mekundu. Ndege yao ya jana yake ilikuwa imeharibika wakalazwa hotelini. Dada wa kaunta akawapa kadi za kupandia, mmoja mmoja. Fundi akawahesabu. Alipofika kumi na mmoja alimgeukia mumewe polepole.

"Sasa hao," Rubani alisema, "hao ni dharura. Hao hawakuwamo kwenye hesabu."

"Na mama yangu ni nini? Ni sherehe?"

"Ipo ya saa sita, mama watoto. Ya saa sita ni ndege kubwa."

Simu ikaita. Dada mtu alitaka kujua kama wamepanda.

"Bado kidogo," Fundi alisema.

"Bado kidogo maana yake nini? Ndege inaruka au hairuki?"

"Imesharuka, dada. Sisi ndio hatujaruka."

Kule upande wa pili alisikia sauti ya mama yake, kali kama siku zote, ikiuliza kwa nini watu wananong'ona wakati yeye bado hajafa.

*

Ndege ya saa sita ilikuwa kubwa kweli. Viti vitano vilibaki, na wale wawili waliowatangulia kwenye orodha walikuwa wamekata tamaa, kwa hiyo wao sasa walikuwa namba moja na mbili. Rubani aliliona jina lake juu ya orodha akampiga mkewe kikumbo cha furaha. Akaenda kununua maji, akarudi na chupa moja wanywe wawili, bei ya pale ilikuwa imemtoa jasho.

Ilipobaki nusu saa, msimamizi wake wa kazi akaingia. Alikuja na mkewe na watoto watatu, na masanduku yenye magurudumu, wote wamevaa miwani ya jua.

"Ee bwana, Rubani! Na koti! Unagombea ubunge?"

Rubani akacheka. Alicheka kwa nguvu, mwili wote, akimpokea bosi begi la mkononi kabla hajaombwa. Fundi aliwahi kumsikia mumewe akicheka kwa namna nyingi, lakini kicheko hiki hakuwahi kukisikia, na kilimuuma kuliko viatu.

Dada wa kaunta akagonga kucha zake. Orodha ikajipanga upya. Walikuwa watano, na viti vitano.

"Mzee, mmeshuka. Namba sita na saba. Cheo kinatangulia, unajua utaratibu."

"Naujua," alisema Rubani.

"Kumbe ulikuwa unaujua?" Fundi alisimama. "Ulikuwa unajua kwamba akija yeyote mwenye tai sisi tunarudi nyuma, na ukanikalisha hapa tangu asubuhi nihesabu vigae?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi. Kamwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba mama mkwe wako anaoza mguu. Kwamba tunataka viti viwili tu. Wao wanakwenda kuogelea."

Rubani akavuta koti lake mbele, nalo halikuja. Akaenda. Fundi alimwona kwa mbali, mikono nyuma, kichwa kimeinama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alimwona msimamizi akivua miwani, akisikitika, akimshika bega. Mke wa msimamizi akatazama upande wao, kisha akamrekebisha mtoto kola. Rubani akarudi.

"Anasema pole sana."

"Na viti?"

"Anasema angejua mapema. Watoto wameshaahidiwa." Akakaa. "Ameniambia nichukue siku mbili za ruhusa. Kwa moyo mmoja kabisa, bila hata kuandika barua."

Fundi akalichukua begi lake, akatoa pesa ya mashine, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la kuuzia tiketi. Alisimama nyuma ya watu wawili, vidole vikiwaka moto. Alipofika mbele akasema anataka kiti cha saa tisa, cha kulipia, kimoja, hata kama ni bawani.

"Saa tisa imejaa, mama," alisema kijana wa dirishani. "Tatu za mwisho nimeuza kama saa moja iliyopita. Niliyonayo ni ya kesho mchana."

Saa moja iliyopita mumewe alikuwa akimwambia atulie, wako namba moja.

Alirudi kwenye viti vya chuma. Hakupiga kelele. Alikaa kiti cha tatu kutoka kwa mumewe, akaliweka begi katikati yao. Mara moja tu Rubani alijaribu kumsemesha.

"Mtu akichelewa au asipotokea—"

"Usiongee na mimi."

*

Saa tisa kasoro dakika kumi na mbili, dada wa kaunta aliinua mkono.

"Mzee! Kuna mmoja hakutokea. Kiti kimoja. Haraka."

Wote wawili wakafika kaunta kwa pamoja. Fundi akasukuma kitambulisho chake mbele.

"Ni mimi ninayekwenda. Yeye atabaki."

Dada wa kaunta alikitazama kitambulisho, akatikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa na aibu ndani yake.

"Haiwezekani, mama. Kwa daraja la mzee, mke anaruka pamoja na mfanyakazi tu. Peke yake hapana. Kiti hiki ni cha mzee, au kinaondoka kitupu."

"Kitupu?" Fundi alisema. "Kiti kiende kitupu, na mimi nimesimama hapa?"

"Kompyuta haikubali jina lako, mama. Ningekupitisha, Mungu anaona. Nina dakika tatu nifunge."

Fundi akamgeukia mumewe. Maneno yote aliyoyakusanya tangu asubuhi yalimjaa kinywani, na hapakuwa na muda wa kutumia hata moja. Rubani mwenyewe alikuwa amepauka.

"Tuache," alisema. "Tukapande basi wote."

"Basi linafika kesho. Sahihi inatakiwa leo. Nenda wewe."

"Mimi? Kwa mama yako? Mimi?"

Kila mtu katika ukoo alijua jambo hilo. Siku ya posa mama mtu aliuliza mbele ya wageni kama binti yake hakupata mtu wa kuendesha kitu, mpaka aende kwa mtu wa kubeba. Tangu siku hiyo, kila mara Rubani alipokwenda ukweni, mama mkwe alimsalimia akitazama ukuta.

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie nakuja. Mwambie chochote! Piga magoti, lia, zimia, ujuavyo wewe. Si ulisema ukitaka kesho uko upande wa pili wa nchi? Haya, leo hii. Nenda!"

Akamkabidhi begi lenye nguo za mama na kumsukuma mgongoni. Mshono wa koti ukaachia kwa nyuma, krrr, mpaka kiunoni. Rubani hakugeuka. Alipita mlangoni akikimbia, kadi mdomoni, begi kifuani, na kupitia kioo Fundi alimwona akivuka uwanja kuelekea ndege ambayo wenzake walikuwa wakiipakia. Safari hii hawakupiga saluti. Yule mrefu alimfungulia njia kati ya mikokoteni.

"Pole, mama," alisema dada wa kaunta.

"Stendi ya mabasi ni upande gani?" Fundi aliuliza.

*

Basi lilikuwa halijaondoka simu yake ilipoita. Ilikuwa saa kumi na moja na robo jioni. Alikuwa amekaa dirishani, viatu amevivua, karanga mkononi bila hamu ya kula.

"Ameweka sahihi," alisema Rubani.

Fundi akafumba macho.

"Umemwambiaje?"

"Utakuja utaona. Wamempanga, ila kuna ajali, majeruhi wametangulia. Sikiliza, usimpigie simu mama yako. Wala dada yako. Ukipiga utaharibu."

"Nitaharibu nini? Wewe, umemwambia nini mama yangu?"

"Chaji yangu—"

Simu ikakatika. Alipiga tena mara sita, ikawa haipatikani. Kwa hiyo Fundi alisafiri na swali hilo njia nzima, na magoti yake yamegota kwenye kiti cha mbele, na jirani yake amelala begani kwake kama aliyemlipia. Kila basi liliposimama alipanga upya maneno ya kumwambia mumewe. Yalikuwa mazuri, yamenyooka, na kufikia alfajiri alikuwa anayajua kwa moyo.

*

Aliwakuta kwenye ukumbi wa wodi ya upasuaji, saa mbili na nusu asubuhi. Dada yake alikuwa amelala kwenye benchi, kajifunika uso kwa mtandio. Rubani alikuwa amekaa wima, koti limepasuka mgongo, ndevu zimeanza kuota.

"Ametoka salama," alisema kabla hajaulizwa. "Walimaliza saa kumi na moja alfajiri. Daktari anasema walimuwahi. Bado amelala."

Fundi akakaa. Yale maneno yote mazuri aliyatafuta, akayakosa.

"Sema sasa. Ulimwambia nini?"

Rubani akatazama sakafu.

"Nilipoingia alinisalimia akitazama ukuta kama kawaida yake. Akauliza, mwanangu yuko wapi? Nikamwambia... yuko getini."

"Getini?"

"Getini hapo nje. Nikasema tumefika wote, ila mlinzi anaruhusu mgonjwa mmoja mtu mmoja, na dada yako yumo, mimi nimepenya kwa ujanja. Nikasema ukiweka sahihi, daktari atatoa kibali, mwanao aingie. Akaweka."

"Umemdanganya mama yangu anayekatwa mguu."

"Ulisema chochote."

"Sikumaanisha chochote!"

"Sasa nilidhani wataingia naye mara moja. Kumbe foleni! Tangu jioni mpaka saa tisa za usiku yuko macho, na kila saa anauliza. Ningefanyaje? Nikawa natoka nje, nazunguka jengo, narudi. Mara ya kwanza nikasema mlinzi anataka kitambulisho. Nikarudi nikasema kitambulisho kipo ila picha haifanani, umenenepa. Mama akasema ni kweli umenenepa. Halafu mlinzi akabadilishwa zamu, akaja mwingine ana jino moja, mkaidi kuliko wa kwanza, naye akataka barua ya serikali ya mtaa. Nikasema barua ninayo, mama akanituma nimpelekee na nimtukane. Nikaenda."

"Ukaenda wapi?"

"Nikazunguka jengo."

Kwenye benchi, mabega ya dada mtu yalikuwa yanatikisika. Fundi alidhani analia. Aliufunua ule mtandio akamkuta amejibana mdomo kwa kiganja, machozi yanatiririka, anacheka mpaka amekosa sauti.

"Usinitazame," dada mtu alisema. "Nilitaka kumkatalia. Lakini mama alikuwa anasikiliza, mdogo wangu. Miezi minne hajasikiliza kitu."

Muuguzi akatokea mlangoni akasema mgonjwa ameamka, aingie mtu mmoja.

*

Mama alionekana mdogo kuliko kitanda. Shuka lilikuwa limeinuka upande mmoja juu ya mguu, na upande mwingine lilishuka mapema, likalala bapa. Fundi alijitahidi asitazame pale, akatazama, kisha akakaa akaushika mkono wa mama yake, mkavu, una joto kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamekuruhusu?"

Fundi alikuwa mtu wa kusema kweli. Alikuwa amewachapa watoto wake kwa uongo mdogo kuliko huo. Alihisi hasira ya siku nzima ikimpanda tena, hasira ya viti vya chuma na kucha za kompyuta na kicheko kile, na mume yule, mume yule ambaye hata lisilowezekana huliahidi kwanza.

"Ndiyo mama," alisema. "Wameniruhusu."

"Yule mwenye jino moja?"

"Huyo huyo. Mkaidi sana."

Mama yake akamtazama muda mrefu, na macho yake, hata baada ya dawa zote zile, yalikuwa hayajapoteza ukali.

"Una vumbi la njiani mpaka kwenye kope," alisema. "Geti la hospitali lina lami."

Fundi akajifuta kope kwa kiganja.

"Unadhani mimi nimekatwa kichwa?" mama akaendelea, kwa sauti ndogo. "Niliogopa, mwanangu. Sikutaka kulala pale nisikilize mguu wangu. Kila alipotoka nikawa nasubiri arudi, nisikie mlinzi kasema nini. Waliponifuata na kitanda nilikasirika, alikuwa hajamaliza."

Akapumzika. Nje ukumbini sauti ya Rubani ilisikika ikimwomba mtu chaja ya simu.

"Mwite."

"Wanaruhusu mtu mmoja mmoja, mama."

"Mwite, nimesema."

Rubani akaingia kwa kunyata, akikishikilia kile kipande cha koti nyuma kwa mkono mmoja. Alipoona macho ya mkewe alielewa kwamba siri imetoka, na uso ulimshuka. Mama mkwe akageuza kichwa kwenye mto mpaka akamtazama yeye, si ukuta.

"Kaa," alisema. "Mara ya mwisho ulikwenda na ile barua. Akasemaje?"

Rubani akamtazama mkewe. Fundi alikuwa na njaa, usingizi, miguu imevimba, na alikuwa na mengi ya kuzungumza na mwanamume huyu, siku nyingine, mahali pengine, kwa kirefu. Akasogea kidogo kwenye ukingo wa kitanda, akamwachia nafasi.

"Haya sema," alimwambia. "Akasemaje?"

Rubani akakaa, akakohoa.

"Sasa mama," alianza, "ile barua akaigeuza juu chini..."